Wanaochora manga wasinyang'anywe kalamu, waulizwe mtu wao anataka nini

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe wa kidato cha tatu anamaliza madaftari ya hesabu kwa kuchora watu wa Kijapani wenye macho makubwa, akaomba walimu wawanyang'anye watoto michoro hiyo. Namwelewa mzazi yule, daftari ni hela. Lakini naomba nafasi nimjibu, kwa sababu na mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Leo nina miaka 26, nimemaliza manga yangu ya kwanza, yaani hadithi ya picha ya mtindo wa Kijapani, yenye kurasa 24, na kazi ninayofanya inanikutanisha na watoto kama wake karibu kila siku.

Nipo kwenye duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Tunatoa kopi, tunachapa barua za maombi ya kazi, tunapiga laminesheni vyeti. Vijana wanakuja na michoro waliyoificha katikati ya daftari la baiolojia, wanataka kopi wampe rafiki. Mikono yao ni mizuri. Yupo mmoja anachora mikunjo ya shati hadi unatamani kuipiga pasi. Kwa hiyo sina ugomvi na macho makubwa. Kinachonisumbua ni kwamba karibu wote wananiletea mtu yuleyule: kijana yatima, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, jicho moja limefunikwa, na ndani yake kuna nguvu iliyofungwa ambayo hata mwenyewe haijui. Jina lake la Kijapani. Mji wake hauna jina wala soko wala choo. Nikiuliza, "Huyu anataka nini?" najibiwa, "Anataka awe na nguvu kuliko wote." Nikiuliza hadithi imefika wapi, naambiwa ina falme saba na visiwa 14, ila ukurasa wa kwanza bado haujachorwa.

Mtu huyo huyo nilimlea mimi miaka mitatu nilipokuwa sekondari. Nilikuwa na kaunta buku nzima yake: ramani, panga, majina ya wapiganaji 40 na nguvu ya kila mmoja. Ukurasa hata mmoja wa watu wawili wakizungumza haukuwemo. Nikiwa kidato cha nne mwalimu mmoja aliichukua ile kaunta buku darasani na sikuiona tena. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua karatasi nimchore upya kutoka kichwani, nisimpoteze. Upanga ulikuja wote, hadi nakshi za mpini. Ila yeye mwenyewe hakuja. Sikujua anachekaje, wala anaogopa nini, wala akiamka asubuhi anafanya nini kwanza. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote mitatu nilikuwa nachora silaha iliyoshikwa na mtu.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia vijana wanaosoma gazeti hili, na wazazi wao. Manga ya kwanza haikwami kwa sababu ya mkono. Inakwama kwa sababu katikati yake hakuna mtu anayetaka kitu.

Wajapani wenyewe hawaanzi na visiwa 14. Mchoraji chipukizi kwao kwa kawaida huanza na hadithi fupi inayoisha palepale, wanaiita yomikiri. Naruto, shujaa wa manga ambaye kila kijana anayeingia dukani anamjua kuliko anavyowajua majirani zake, alianza hivyo mwaka 1997. Katika ile hadithi fupi alikuwa mbweha anayejigeuza mtu. Hadithi ndefu tunayoifahamu ilianza mwaka 1999, na humo Naruto ni mtoto wa binadamu aliyefungiwa mbweha tumboni, kijiji kizima kinamkwepa, naye anatamani watu wamwone. Nguvu ya mbweha ni ileile. Masashi Kishimoto, mchoraji wake, alibadilisha mtu. Kijana akitaka kuiga Wajapani, basi aige hapo.

Sasa nieleze nilivyompata wa kwangu, maana najua ushauri mtupu haumsaidii anayeanza.

Nilikuwa na desturi ya kwenda Kigombe Jumamosi, kuna shangazi yangu huko. Kwenye kivuli cha mkwaju karibu na pwani hukaa mzee mmoja anayeshona nyavu. Nilikuwa nimempita mara nyingi sana. Siku hiyo nilikaa kwa sababu shangazi alikuwa hajarudi sokoni. Mzee anaketi chini, mguu mmoja ameunyoosha. Wavu anaubana kwa kidole gumba cha mguu, anauvuta hadi matundu yanafunguka. Sindano ya mti iliyozungushiwa uzi inaingia, inatoka, anakaza fundo, na fundo likigoma analimalizia kwa meno. Kile kidole gumba kina mfereji. Uzi wa nailoni umekula nyama miaka na miaka hadi umejichongea njia yake, kama kamba ya ndoo inavyochonga ukingo wa kisima. Nilitoa penseli nikachora mguu ule. Niliuchora mara tisa.

Nikarudi nyumbani nikajiuliza: mguu huu ungekuwa wa nani mwingine? Mzee mwenye mguu wa hivyo hashangazi mtu. Nikamwekea msichana wa miaka 15. Hapo hapo maswali yakaanza kuja yenyewe. Kwa nini msichana wa miaka 15 ana mfereji kidoleni? Kwa sababu anashona nyavu tangu mdogo. Kwa nini yeye? Kwa sababu kaka zake wawili wamekwenda Dar. Basi yeye ni wa tatu, jina lake Tatu. Anataka nini? Anataka kupanda chombo cha baba usiku mmoja tu, auone wavu wake ukifanya kazi. Ameshona kila fundo lakini hajawahi kuuona ukiwa majini.

Jina nalo ni kazi, si pambo. Wazazi wetu walimjua Ndumilakuwili wa katuni za gazeti la Sani kabla hawajasoma sentensi yake ya kwanza, jina lilikuwa limeshawaambia wajihadhari naye. Tatu ni jina dogo, linaingia kwenye kiputo cha maneno bila kubanwa, na linasema alizaliwa baada ya nani. Kijana anayemwita shujaa wake jina la Kijapani ameitupa zawadi hiyo, maana hata mwenyewe hajui lile jina lina maana gani.

Sasa baba anamkatalia. Mwanzoni nilimfanya mkali tu, mzee asiyetaka mtoto wa kike baharini, nikaona nimechora mtu wa karatasi. Aliyenisaidia ni samaki. Sisi watu wa Tanga tuna silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Miaka ya 2000 wakaanza kunasa kwenye majarife ya wavuvi wetu, zile nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ni samaki mkubwa, anaweza kukaribia urefu wa mtu mzima akazidi, ana madoa meupe mwilini, na mapezi yake yana vikonyo vyenye nyama kama vimiguu. Nyama yake haifai. Ina mafuta ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, ukiila unaharisha.

Katika rasimu yangu ya kwanza yule samaki alizungumza na kumpa Tatu nguvu za baharini. Naona mnavyokisia: kijana wa upanga alikuwa amerudi kwa mlango wa nyuma. Nilichora kurasa tano hivyo, na kila nilipofika pale samaki anapofungua kinywa, Tatu alikuwa ananyamaza na kubaki kushangaa tu. Nikazichana. Badala yake nikachukua lile jambo la nyama. Baba yake Tatu aliwahi kunasa silikanti zamani, hakumjua, akamkata mafungu akawauzia jirani zake, wakaugua matumbo. Tangu hapo hakuna anayenunua samaki wake bila kumgeuza mara mbili mbili. Anamkatalia mtoto kupanda chombo kwa aibu, hataki Tatu aone wanavyomtazama wenzake alfajiri wanaposhusha samaki. Sasa baba ni mtu, na sikuhitaji tena adui mwenye joho jeusi.

Kilichobaki ni kujua Tatu atafanya nini. Nilitumia wiki nzima hapa. Swali lililonifungulia lilikuwa hili: kitu gani kitamuuma kukipoteza kuliko vyote? Wavu. Basi usiku anaopanda, kwa sababu baharia mmoja ana homa, jarife linanasa silikanti. Baba anamwona samaki, anaganda. Samaki amejizungusha, kumtoa kwa kufungua fundo moja moja hakuwezekani. Tatu anachukua kisu, anaukata wavu wake mwenyewe, fundo kwa fundo alizozikaza kwa meno. Samaki anarudi majini. Kama ataishi, hawajui. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja, ni miguu miwili tu imenyooshwa mchangani, mmoja mkubwa mmoja mdogo, imebana wavu mmoja.

Wajapani wana mpango wanaouita kishotenketsu: unaanza, unaendeleza, unageuza, unafunga. Ule ugeuzaji wa hatua ya tatu si lazima uwe vita. Bibi zetu walipotuambia "Paukwa" tukaitikia "Pakawa", hadithi zao nazo ziligeuka pale tulipodhani tumeshazijua. Nilipoacha kutafuta pambano na kutafuta mgeuko, kurasa 24 zilinitosha.

Kuna mambo ya lugha nataka kuyasema, maana ndiyo yanayonifurahisha kuliko yote. Manga inajaa milio iliyoandikwa ndani ya picha. Wajapani wana hadi mlio wa ukimya, wanauandika "shiin". Vijana wetu wanainakili milio hiyo ya kigeni, au wanaweka ya Kimarekani, na wakati huohuo darasani wanakariri tanakali za sauti kwa ajili ya mtihani. Ndugu zangu, tanakali ni mali ya mchoraji! Mtu anaanguka majini chubwi, mchangani tifu, sakafuni pu, na msomaji anajua ameangukia wapi hata kabla hujachora mchanga. Watu wamenyamaza ji. Giza totoro. Amelowa chapachapa. Ukurasa wangu ule Tatu anapoacha kukata na samaki hayupo tena ni bahari tupu na herufi mbili ndogo pembeni: ji. Rafiki yangu aliufikia ukurasa huo akashusha pumzi. Sikuwa nimemwambia lolote.

Halafu kuna kanga. Mchoraji wa manga wa Japani akitaka mtu wake aseme jambo bila kulitamka, anahangaika na macho na mvua. Sisi mwanamke akigeuka kuondoka, jina la kanga linamalizia mazungumzo mgongoni kwake. Mama yake Tatu hazungumzi katika hadithi nzima. Anatokea mara tatu, na kila mara anavaa kanga nyingine. Siku jirani anapowasema mlangoni, anageuka tu, na mgongoni pameandikwa "Wema hauozi". Picha ya manga ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kanga yenye pindo nene na maua makubwa inasomeka vizuri kuliko nguo nyingi, ila jina liandikwe kwa herufi kubwa na mkunjo usilipitie katikati. Nililikosea mara mbili hilo.

Wengi wananiuliza kama manga ni lazima isomwe kutoka kulia. Mimi nilisoma madrasa, jicho langu halioni taabu kwenda kulia kushoto, na mababu zetu wa pwani waliandika tenzi kwa hati ya Kiarabu hivyo hivyo. Lakini Kiswahili changu cha leo kinakwenda kushoto kulia ndani ya kila kiputo, na kumlazimisha msomaji asome picha huku na maneno kule ni kumchosha bure. Nilianza kushoto. Anayeona tofauti ana haki yake, muhimu aamue kabla ya ukurasa wa kwanza, asigeuze njiani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kabla ya kuchora kitu cha maana nilitengeneza kile wanachokiita neemu: kila ukurasa mdogo kama boksi la kiberiti, watu ni vijiti, ila maneno yote yameshaandikwa. Japani mhariri husoma neemu na kuirudisha, na mchoraji huipanga upya kabla ya wino kugusa karatasi. Mimi sina mhariri, nilimpa mdogo wangu wa kidato cha kwanza. Aliposema "hapa sijaelewa," sikumweleza, nilirudia. Neemu ya Tatu niliirudia mara nne, yote nyuma ya kopi zilizoharibika mashineni.

Karatasi sita za A4 ukizikunja katikati unapata kurasa 24. Kurasa za 12 na 13 zinaangukia katikati, ni karatasi moja isiyokatika, na msomaji anazifikia kwa kugeuza ukurasa wa 11. Hapo ndipo nilipomlaza silikanti, kichwa huku mkia kule, na ukurasa wa 11 unaishia kwenye kamba iliyokazika tu. Vijana wanaoweka picha yao kubwa popote inapoangukia wanaupoteza mshtuko ambao karatasi inawapa bure. Kopi 12 kwa shilingi 100 ni shilingi 1,200 kwa kitabu kimoja, pini mbili katikati, basi. Kwa bei ya chipsi kavu mtoto ana kitabu mkononi chenye mwanzo na mwisho.

Kwa mzazi aliyeandika: usimnyang'anye. Mwambie madaftari ya hesabu yabaki ya hesabu, mnunulie rimu moja ya karatasi akishika nafasi nzuri, kisha kaa naye umuulize yule mwenye nywele za miiba anaishi na nani na jana alikula wapi. Asipojua, mpeleke dukani kwako, shambani, stendi, popote unapofanyia kazi, umwachie penseli saa mbili. Huenda mtu wake wa kwanza ni wewe.

Na kwako Mhariri nina ombi. Magazeti ya Kiswahili yamelea wachoraji kabla yetu. Christian Gregory alimleta Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru miaka ya 1960, na upande wa Kenya Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa kwenye Taifa Leo miaka mingi sana. Hawakuanza wakiwa mabingwa, walipewa nafasi na tarehe ya kuleta kazi. Tunaomba nusu ukurasa kila Jumamosi kwa hadithi fupi za picha za vijana, zenye masharti matatu: iwe imeisha, iwe ya Kiswahili, na mhusika atoke mahali ambapo mchoraji amewahi kusimama. Hatuombi malipo kwa kuanzia. Tarehe ya mwisho ya kuleta kazi ingewafanyia vijana hawa jambo ambalo mimi lilinichukua miaka tisa kujifanyia mwenyewe.

Mwezi uliopita niliacha nakala tano za Tatu pembeni ya mashine ya kopi. Yule kijana wa mikunjo ya shati alichukua moja. Juzi amerudi na karatasi mbili tu, za penseli. Ni kuhusu bibi yake anayeuza vitumbua na hataki mjukuu ajue kwamba macho yake yanaanza kufifia, hivyo anavigeuza kwa kusikiliza mafuta. Chini ya kikaango ameandika "chiiii", na kwenye picha inayofuata "chii", fupi zaidi, na mkono wa bibi ndio unainuka. Nilimuuliza bibi anataka nini, akanijibu bila kufikiri. Nimemwambia azimalize karatasi nne zilizobaki, kopi ya kwanza nitamtolea mimi.

Nimeambatanisha nakala moja ya Tatu pamoja na barua hii. Ukurasa wa 19 umefifia kidogo, tona ilikuwa inaisha. Mkihitaji ulio safi nitautuma kwa basi la asubuhi.

Mchoraji na mfanyakazi wa steshenari,
Ngamiani, Tanga